Mcheza Kwao Hutuzwa: Furaha ya Sasa na Njia ya Ufanisi katika Simulizi Mbili za Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili ina mazoea ya kuitenga furaha ya leo na ufanisi wa kesho. Methali zenyewe zimejigawa pande mbili. Upande mmoja zipo zinazohimiza kungoja: mvumilivu hula mbivu, baada ya dhiki faraja, mchumia juani hulia kivulini. Upande wa pili ipo ile inayomhimiza binadamu aponde mali kwa kuwa kufa kwaja. Kwa mtazamo wa juujuu pande hizi zinapingana. Zikichunguzwa kwa makini, zinakubaliana juu ya jambo moja la msingi, yaani kwamba starehe na ufanisi havikai nyumba moja. Anayengoja anaahirisha furaha ili afanikiwe. Anayeponda mali anauacha ufanisi ili afurahi.

Makala haya yanachunguza simulizi mbili za Kenya ya leo ambazo haziukubali mgawanyo huo. Ya kwanza ni hotuba fupi aliyoitoa Richard Turere, kijana wa Kimaasai kutoka Kitengela, katika mkutano wa TED uliofanyika Long Beach, California, mwezi Februari 2013, alipokuwa na umri wa miaka 13. Ya pili ni mashindano yajulikanayo kama Olimpiki za Wamaasai, yaliyoanza mwaka 2012 kusini mwa Kajiado, ambayo hapa yanasomwa kama tendo la kisanaa lenye wahusika, hadhira na dhamira.

Huenda ikaulizwa kwa nini hotuba na michezo viingizwe katika uhakiki wa fasihi. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alionyesha kwamba utanzu hautambulikani kwa umbile lake pekee, bali pia kwa muktadha na namna unavyowasilishwa kwa jamii. Kwa kigezo hicho, kijana anayesimama mbele ya hadhira na kusimulia jinsi alivyoshindana na simba ni mtambaji, hata kama jukwaa lake lina vinasa sauti na lugha anayoitumia ni Kiingereza. Hoja ya makala haya ni kwamba katika simulizi hizi furaha ya sasa ndiyo mbinu yenyewe ya kuufikia ufanisi, na kwamba usomaji unaozigeuza kuwa visa vya kawaida vya maskini aliyepanda ngazi huipoteza dhamira yao kuu.

2. Furaha na ufanisi katika riwaya

Ili upekee wa simulizi hizi uonekane, inafaa kutazama kwa ufupi njia zilizozoeleka katika riwaya za Afrika Mashariki. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi, Tumaini anatapanya urithi wa wazazi wake katika anasa kabla ya kutulia na kuwa mkulima mwenye mali. Vipindi hivyo viwili vya maisha yake vimetengwa kabisa: anapofurahi hajengi, na anapojenga ameipa furaha kisogo. Mwandishi anaukamilisha mkasa kwa kuonyesha kwamba hata kujenga huko hakumwokoi, kwani mabadiliko ya siasa ya ujamaa yanampokonya alichokichuma na mwisho wake ni kunyongwa.

Siku Njema (1996) ya Ken Walibora inafuata njia ya pili, ile ya subira. Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake, na riwaya nzima imesukwa juu ya imani kwamba mateso ya safari yana malipo. Siku njema iko mbele. Leo ni ya kuvumiliwa.

Kwa upande wa maandishi ya Wamaasai wenyewe, Henry ole Kulet, aliyefariki mwaka 2021, aliandika riwaya zake mbili za mwanzo, Is It Possible? (1971) na To Become a Man (1972), kuhusu wavulana wanaovutwa na shule upande mmoja na desturi za umorani upande wa pili. Hapa mgogoro umebadilika sura, lakini mantiki haijabadilika. Kijana analazimika kuchagua njia moja ya kuwa mtu, na kila njia ina mtihani ulio rasmi: ile ya shule ina cheti, ile ya umorani ina ushujaa, na kilele cha ushujaa huo katika mila kilikuwa uwindaji wa simba, olamayio. Njia ya tatu haionekani. Swali linaloachwa wazi na riwaya hizo ni hili: je, mvulana asiyemuua simba, na ambaye hajapata cheti, anaweza kuhesabiwa kuwa amefanikiwa?

3. Kitengela kama mandhari ya simulizi

Mandhari katika hotuba ya Turere ni sehemu ya mgogoro wenyewe. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita 117 za mraba, imezungushiwa ua upande wa jiji, lakini mpaka wake wa kusini uko wazi. Kwa karne nyingi wanyama wamevuka huko kwenda nyanda za Athi-Kaputiei, na simba hufuata mawindo yao. Wakati huohuo ardhi hiyo imebadilika kwa kasi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama mmoja mmoja mwishoni mwa miaka ya 1980, eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa Athi River mwaka 1990, na mji wa Kitengela ukapanuka kando ya barabara ya Namanga. Mashamba mengi yaliuzwa, nyua zikajengwa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasizungushe ua wala kuuza, wanyama wapate kupita.

Katika mazingira kama hayo methali ya kuponda mali ina maana inayoshikika, kwa sababu shamba huuzwa mara moja tu. Nayo methali ya subira ina uchungu wake, kwa kuwa mfugaji anayengoja anaweza kuamka na kukuta zizi limevamiwa. Mwezi Juni 2012 wanakijiji wa Ilmasin, Kitengela, waliwaua simba sita baada ya mifugo yao kushambuliwa. Miezi minane baadaye Turere alisimama Long Beach. Hadhira yake ya Marekani yumkini haikuujua mkasa huo, lakini msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kuusikia chini ya kila sentensi ya hotuba: jambo linalojadiliwa kwa vicheko jukwaani ni lilelile lililomalizwa kwa mikuki kijijini.

4. Uchambuzi wa hotuba

4.1 Msuko na kanuni ya utatu

Msuko wa hotuba ni wa ngano. Mtambaji anaanza kwa kujitambulisha na kutaja makao yake, kisha anaeleza upungufu: amekuta fahali wa pekee wa familia ameuawa na simba usiku. Baada ya hapo anafanya majaribio. Kwanza anatumia moto, akidhani simba wanauogopa, kumbe unawasaidia kuona ndani ya zizi. Pili anasimamisha mtu wa bandia. Usiku wa kwanza simba wanarudi walikotoka, usiku wa pili wanang'amua kwamba kitu hicho hakisogei, wanaingia na kuua. Jaribio la tatu ndilo linalofaulu. Kanuni ya utatu, ambayo Axel Olrik aliieleza mwaka 1909 kuwa miongoni mwa sheria za masimulizi ya jadi, inafuatwa hapa bila kuvunjwa.

Hata hivyo kuna jambo linaloitofautisha hotuba hii na ngano za kawaida. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki simba ni mwenye nguvu na asiye na akili, naye hulaghaiwa na sungura. Katika hotuba ya Turere simba wamepewa tashihisi ya namna nyingine: wanatazama, wanalinganisha usiku mmoja na mwingine, wanafikia uamuzi na kuutamka. Anayeshindwa kwa ujinga katika majaribio mawili ya kwanza ni binadamu. Kwa kumpa adui akili, mtambaji anajiandalia ushindi usiotegemea nguvu, na papo hapo anamwondolea simba hadhi ya zimwi linalostahili kuuawa. Upatano utakaotajwa mwishoni umeshapandwa katika uchoraji wa wahusika.

4.2 Mbinu rejeshi na mahali pa mchezo

Ugunduzi wenyewe unatokea kwa bahati. Usiku mmoja mvulana anazunguka zizi akiwa na kurunzi, na simba hawaji. Anatambua kwamba wanachokiogopa ni mwanga unaotembea. Msikilizaji angetarajia kwamba baada ya ugunduzi huo maelezo ya kutengeneza kifaa yatafuata moja kwa moja. Badala yake mtambaji anarudi nyuma. Anasimulia jinsi alivyokuwa tangu utotoni akifungua vitu chumbani mwake, hata akaifungua redio mpya ya mamake, na mama akawa karibu kumuua kwa hasira. Hadhira inacheka. Ndipo anapotaja vifaa: betri kuukuu ya gari, kisanduku cha taa za indiketa cha pikipiki, swichi, balbu ya kurunzi iliyovunjika, na bamba la sola la kuchaji betri.

Nafasi ya kisa cha redio katika msuko ina uzito kuliko urefu wake. Kimewekwa kati ya kutambua na kutengeneza, mahali ambapo simulizi za shule huweka mwalimu, kitabu au mtihani. Kinachomwezesha mvulana kuvuka kutoka wazo hadi kitu ni mchezo uliotangulia haja. Alipoifungua redio hapakuwa na simba akilini mwake wala tuzo mbele yake. Palikuwa na raha ya kuona kilichomo ndani. Mwanachuoni wa Uholanzi, Johan Huizinga, alidai katika Homo Ludens (1938) kwamba mchezo ni tendo ambalo lengo lake limo ndani yake lenyewe, na kwamba utamaduni huzaliwa humo. Kisa cha redio kinatoa mfano wa dai hilo kwa sentensi chache na kuongeza jambo ambalo Huizinga hakulitilia mkazo: mchezo una gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mwingine. Redio ilikuwa ya mama. Hasira yake ndiyo sauti ya jamii inayohesabu hasara, na kicheko cha hadhira kinawezekana kwa sababu tu hasara hiyo imekwisha kulipwa.

4.3 Usingizi kama ushindi

Kilele cha hotuba kimo katika maelezo ya namna taa zinavyofanya kazi. Zinawaka na kuzima kwa zamu, nao simba wanadhani mvulana anazunguka zizi, ilhali yeye yuko kitandani amelala. Hadhira inacheka tena, na kicheko hiki kinastahili kuchunguzwa. Jagina wa mila ya umorani hukesha; mwanafunzi wa riwaya za shule naye hukesha na kitabu chake. Turere anashinda akiwa usingizini. Methali ya mchumia juani inatanguliwa hapa na mantiki nyingine, ambapo kuchuma na kupumzika kunatokea katika saa ileile ya usiku. Aliyelala hana uvivu, kwani kazi ilifanywa mchana kwa raha na sasa inajiendesha. Tena usingizi si anasa kwa mtoto ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, amekabidhiwa ng'ombe wa babake tangu akiwa mdogo. Ni haki yake ya utoto aliyorudishiwa. Kwa taswira moja ya kitanda, mtambaji ameunganisha ufanisi na furaha ya sasa bila kulitaja neno lolote kati ya hayo mawili.

4.4 Tuzo mbili

Baada ya kilele, simulizi inagawa tuzo. Tuzo ya kwanza ni ya nyumbani. Majirani wanasikia habari, na miongoni mwao bibi mmoja aliyepoteza mifugo mingi anamwomba amwekee taa. Hatimaye nyumba saba katika jamii yake zinapata taa. Tuzo ya pili ni ya mbali: ufadhili wa masomo katika shule ya Brookhouse, safari ya kwanza ya ndege, na ndoto ya kuwa mhandisi na rubani wa ndege alizokuwa akizitazama zikipita juu alipokuwa akichunga.

Hotuba ikikumbukwa kwa tuzo ya pili tu, inageuka kuwa kisa cha kawaida: mvulana wa malishoni aliyefika Marekani. Usomaji huo unaufanya mchezo wa redio uwe ngazi, na ngazi ikishapandwa haina kazi tena. Lakini mpangilio wa hotuba yenyewe hauuruhusu. Mara tu baada ya kutaja shule mpya, mtambaji anasema aliwapeleka rafiki zake wa huko nyumbani kwao, wakasaidiana kuweka taa, naye akiwafundisha. Mara tu baada ya kutaja ndege, anarudi kwa simba: zamani aliwachukia, sasa anaweza kuishi nao. Neno lake la mwisho ni shukrani kwa lugha ya Kimaa. Hivyo mwendo wa simulizi ni wa kwenda na kurudi, nyumbani na mbali, na kila mara nyumbani ndiko kunakofunga. Methali ya Kiswahili inasema mcheza kwao hutuzwa. Hotuba inaichukua methali hiyo kwa maana zake zote mbili za kucheza, mchezo wa mtoto na ngoma ya hadharani, na kusisitiza neno ambalo wasomaji wa haraka hulisahau, yaani kwao.

5. Kuruka hadi juu: mashindano ya Kajiado kusini

Simulizi ya pili haina mtambaji mmoja. Karibu na Amboseli, wazee wa Kimaasai wakishirikiana na shirika la uhifadhi la Big Life waliandaa mwaka 2012 mashindano ya kwanza ya morani, ili sifa iliyokuwa ikipatikana kwa kumuua simba itafutwe kwa njia ya riadha. Mlezi wake amekuwa David Rudisha, Mmaasai wa Kilgoris, ambaye Agosti mwaka huo alishinda mita 800 katika Olimpiki za London kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Vijana hushindana katika mbio, kurusha rungu na mkuki, na kuruka.

Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, mchezo wa kuruka ndio wenye maana nzito zaidi. Katika riadha ya shule, mrukaji hukimbia na kuvuka ufito. Hapa morani anasimama wima na kuruka juu mpaka kichwa chake kiguse kamba, kama anavyoruka katika ngoma ya umorani. Waandaaji hawakuleta mchezo mpya. Waliichukua furaha iliyokuwapo, ile ya ngoma, wakaipa kipimo na medali. Simba ameondolewa katika msuko, lakini hadhira, ushindani wa rika na sifa vimebaki. Vladimir Propp angesema kwamba mhusika amebadilika ilhali jukumu limesalia.

Ulinganisho na hotuba ya Kitengela unaonyesha kufanana na kutofautiana. Zote mbili zinatafuta njia ambayo riwaya za mwanzo za ole Kulet hazikuionyesha, ya kuwa mtu bila cheti na bila mkuki wenye damu. Zote zinaijenga njia hiyo juu ya jambo lililokuwa likifanywa kwa raha kabla halijawa na faida. Tofauti ni kwamba mchezo wa Turere ulikuwa wa upweke na ulianza kwa kuvunja kitu cha nyumbani, ilhali mchezo wa morani una baraka za wazee tangu mwanzo. Wa kwanza unahitaji msamaha wa mama. Wa pili unahitaji idhini ya baba. Katika hali zote mbili, njia isiyo ya kawaida haifiki mbali mpaka jamii ikubali kuitambua.

6. Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili ya kujibiwa. La kwanza ni kwamba kuzungumzia furaha katika maisha ya mtoto mchungaji ni kupamba umaskini. Pingamizi hili lina uzito. Turere hakusukumwa na raha kutengeneza taa. Alisukumwa na hasara ya fahali na chuki aliyoikiri waziwazi. Lakini hoja iliyotolewa hapa haidai kwamba haja ilikuwa tamu. Inadai kwamba haja peke yake ilizaa moto na mtu wa bandia, majaribio yaliyoshindwa, na kwamba jaribio la tatu liliwezekana kwa sababu haja ilikutana na maarifa yaliyopatikana kwa mchezo. Simulizi inavitaja vyote viwili na kuvitenganisha kwa mbinu rejeshi.

Pingamizi la pili ni kwamba jukwaa lenyewe linadai visa vya namna hii. Mkutano wa TED hutoza hotuba fupi, zenye tatizo, suluhisho na matumaini, na inawezekana kwamba ndoto ya ndege iliwekwa kwa ajili ya hadhira hiyo. Hilo ni kweli kwa kila mtambaji, kwani fanani hutunga mbele ya hadhira na kwa ajili yake. Miaka iliyofuata inatoa ushahidi wa kupima. Mwaka 2023, miaka 10 baada ya Long Beach, Turere alikuwa miongoni mwa waliofika fainali ya tuzo ya wavumbuzi vijana ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Kilichomfikisha huko ni taa zilezile za zizini.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hotuba ya Kitengela na mashindano ya Kajiado zinaivunja ile dhana ya methali na riwaya kwamba furaha ya sasa na ufanisi ni mahasimu. Mvulana anafungua redio, morani anaruka; wote wanafanya linalowapendeza kabla ya kujua litawafikisha wapi, na ufanisi wao unapimwa kwa idadi ya mazizi yaliyosalimika na simba walio hai.

Kipimo hicho kinategemea kuwepo kwa mahali. Mwezi Machi 2016 simba aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka katika Mbuga ya Nairobi, akapigwa risasi na kufa Isinya, Kajiado, mbele ya umati wa watu. Taa za zizini hazina msaada pale ambapo hakuna zizi tena, wala njia ya kupita. Mcheza kwao hutuzwa, lakini methali imechukulia kwamba hapo kwao patakuwapo. Watafiti watakaozichunguza simulizi za nyanda hizi siku zijazo watafanya vyema wakianza na hilo neno la mwisho la hotuba, lililosemwa kwa Kimaa mbele ya watu wasioielewa lugha hiyo, na kujiuliza lilikuwa likielekezwa kwa nani.